Hodi Kwenye Turubai



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyetujaalia sisi waja wake dhaifu paa la kutukinga na jua na mvua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye yeye mwenyewe alitolewa mjini kwake akaishi ugenini, na aali zake, na maswahaba zake, Muhajirina na Ansari, na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, kaka zangu na dada zangu wanachuo. Nimeombwa nizungumzie makazi katika Uislamu. Mada ni pana, na mimi si mtu wa mambo mapana. Naomba niipitishe kwenye pwani moja tu, pwani ya kwetu: unatoka mdomo wa mto Ruvuma, unapita Palma, Mocímboa da Praia, Macomia, Quissanga na visiwa vya Ibo na Matemo, mpaka Pemba. Hii ni Pemba ya Msumbiji, makao makuu ya Cabo Delgado. Wenzangu wa Zanzibar msije mkanidai karafuu.

Naanza na adabu ambayo kila mmoja wetu alifundishwa chuoni kabla hajajua kuunganisha herufi: hodi. Surat An-Nur, aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inaingia ndani zaidi. Hata watumishi na watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Isha. Qur'an inazihesabu nyakati hizo kuwa ni za faragha.

Sasa nakuulizeni swali ambalo hamtalikuta kwenye mtihani wa Maarifa ya Uislamu. Watu kumi na wanne wamelala chumba kimoja: babu, wake wa wanawe wawili, wajukuu, na shangazi aliyefika juzi na mashua. Baada ya Isha nani ampigie nani hodi? Na yule aliyepewa turubai na miti minne, abishe wapi? Ukiligusa, linayumba lote.

Aya ile haiwezi kutekelezwa mahali pasipo na ukuta. Hukumu imeteremka, na ndani yake kuna jukumu ambalo halikutajwa kwa sababu linaeleweka: lazima kila familia iwe na mahali penye mlango. Wanazuoni wetu waliliona hilo zamani. Imam An-Nawawi, alipoeleza kiasi cha kumtosheleza fakiri katika zaka, aliyahesabu makazi pamoja na chakula na mavazi. Ibn Hazm wa Andalusia alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake Al-Muhalla. Anasema ni wajibu wa matajiri wa kila nchi kuwasimamia mafakiri wao, na mtawala awalazimishe kama zaka haikutosha, mpaka kila mmoja awe na makazi ya kumkinga na mvua, na joto, na jua, na macho ya wapitao. Hayo macho ya wapitao ndiyo yanayonishughulisha mimi leo. Mvua hata turubai huizuia kidogo.

Msinielewe vibaya. Surat An-Nahl, aya ya 80, inaitaja nyumba kuwa mahali pa utulivu, na papo hapo inayataja mahema ya ngozi kuwa ni neema. Hema si aibu. Lakini hema la bedui ni mali yake, hulikunja siku aitakayo yeye. Mkimbizi halihamishi turubai lake. Huhamishwa yeye.

Na kwetu watu wamehamishwa sana. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado, wiki sita tu baada ya Idai kuiangamiza Beira. Ibo, Quissanga, Macomia na Matemo zililala chini, makuti yakaenda na upepo, nyumba za udongo zikayeyuka kwa mvua iliyofuata. Lile lilikuwa jambo la qadari na tulilipokea hivyo. Hili jingine lilikuwa la mikono ya watu, na lilitangulia: tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, vituo vya polisi kwanza. Watu wa kwetu wakawaita mashababi. Agosti 2020 waliuteka mji huo na bandari yake, wakakaa nao mwaka mzima mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 2021. Kati ya hapo, tarehe 24 Machi 2021, walikuwa wameingia Palma. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 waliokuwa wameyahama makwao kwa vita hivi walipita milioni moja. Mkoa wenyewe, kwa sensa ya 2017, ulikuwa na watu wapatao milioni mbili na laki tatu.

Hili ni lazima tulizungumze sisi kabla ya wengine, kwa sababu waliochoma makuti yale walikuwa wanapiga takbira. Wengine wao walikuwa vijana wa umri wenu, wameacha shule au hawakuipata. Someni Surat Al-Baqara, aya za 84 na 85, polepole. Allah (S.W.) anakumbusha ahadi waliyoitoa Wana wa Israili kwamba hawatamwaga damu zao wala hawatafukuzana majumbani mwao. Wakaivunja. Waliwafukuza ndugu zao, kisha walipoletewa ndugu hao hao wakiwa mateka wakawakomboa kwa fidia na kujiona wametii. Wakaulizwa kama wanaamini sehemu ya Kitabu na kuikataa nyingine. Kumtoa mtu nyumbani kwake bila haki kumewekwa kwenye ahadi moja na kumwaga damu. Nani basi aliwapa hawa vijana fatwa kwamba nyumba ya mjane wa Kimwani ni halali kuchomwa? Hakuna mwanachuoni. Mashekhe wa pwani ile walikuwa wamewakemea na kuwaripoti kwa wakuu miaka kadhaa kabla ya 2017, na baadhi ya wazee wa misikiti ndio walikuwa wa kwanza kukimbia.

Watu walikimbilia wapi? Hapa ndipo ninapotaka tusimame, maana habari nyingi hupiga picha ya kambi na kuondoka. Sehemu kubwa ya waliokimbia hawakwenda kambini. Walikwenda kwenye nyumba za watu. Oktoba 2020 mashua zilikuwa zinafika kila siku ufukwe wa Paquitequete, mtaa wa zamani wa Pemba unaokaliwa zaidi na Wamwani, maelfu kwa maelfu katika wiki chache. Mashua moja ilizama mwishoni mwa mwezi ule karibu na Ibo na Matemo, wakafa makumi, Allah awarehemu. Waliofika salama walilala mchangani, wakapikiwa uji na wanawake wa mtaa ambao wenyewe hawakuwa na akiba ya wiki. Kisha wakaingia majumbani.

Mama yangu mdogo anaishi Pemba. Nilipokwenda kumzuru mwaka 2022 nilikuta nyumba yake ya vyumba vitatu ina watu ishirini na mmoja. Nilimuuliza amewezaje. Hakunijibu kwa aya. Alisema, "Mwanangu, wa kwanza alikuwa ndugu, wa pili ndugu wa ndugu, wa tatu sikumuuliza." Chumba chake mwenyewe alikuwa amekigawa kwa kapulana mbili zilizoshonwa pamoja, na kila aliyetaka kupita upande wa pili alisimama mbele ya kitambaa kile na kusema hodi. Nimesoma tafsiri kadhaa za Surat An-Nur. Hakuna iliyonifundisha kama kile kitambaa.

Nyinyi mnalijua jambo hili kwa jina jingine. Hapa chuoni mnaita kubebana: mwenye kitanda anambeba asiyepata chumba, kitanda kimoja cha futi tatu watu wawili, na mlinzi akipita mmoja anakuwa mgeni. Mnajua pia linavyoisha. Muhula wa kwanza ni udugu, wa pili ni kununa, wa tatu mtu anaficha sukari. Hakuna aliyekuwa mbaya. Wema tu ulibebeshwa mzigo usio wake. Nyumba ya mama mdogo ilifika hapo nayo. Maji ya bomba yalikuwa yanatoka kwa zamu, kipindupindu kilikuwa kimeshapita mitaa ile, na unga uliokuwa wa watu saba haukuongezeka.

Basi tutazame Mtume (S.A.W.) alifanya nini Madina, kwa sababu Madina ilipokea Muhajirina wasio na nyumba, na yeye ndiye aliyekuwa serikali ya mji. Tunapenda kuhadithia undugu aliouunga kati ya Muhajirina na Ansari, na Saad bin Rabii aliyejitolea nusu ya mali yake kwa Abdurrahman bin Auf. Ni haki tuhadithie. Lakini tunaikata hadithi katikati. Abdurrahman alimwombea dua mwenyeji wake, akauliza sokoni ni wapi, akaanza na jibini na samli. Alitaka kupata riziki itakayomwezesha kutoka kwenye nyumba ya watu.

Na Mtume (S.A.W.) hakuwaachia Ansari mzigo ule milele. Ardhi ambazo Ansari walimtolea, na zile zisizokuwa na mwenyewe, alizigawa viwanja, akawapigia Muhajirina mistari ya nyumba zao. Waliokosa nyumba na jamaa aliwaweka kwenye Suffa, kivuli cha makuti ya mtende nyuma ya msikiti wake. Usiku aliwaagiza wenye chakula cha wawili wachukue wa tatu, na waliobaki akala nao yeye. Abu Huraira (R.A.) alikuwa mmoja wa watu wa Suffa. Aliyeoa au aliyepata kazi alitoka, akaingia mwingine. Kisha mwaka wa 4 Hijria, zilipopatikana ardhi za Bani Nadhir, aliwagawia Muhajirina, na katika Ansari wakapata wachache waliokuwa mafakiri, ili Ansari wapumzike na nyumba zao ziwarudie. Ndiyo maana Surat Al-Hashr, aya ya 7 mpaka ya 9, inayataja pamoja mambo ambayo sisi huyatenganisha: mali ya umma isizunguke kwa matajiri peke yao, mafakiri waliotolewa majumbani mwao wapate haki yao, na Ansari wasifiwe kwa kuwatanguliza wageni wao. Sifa walipewa Ansari. Viwanja vilitoka kwa mtawala. Kiongozi wa mtaa anayewasifu wenyeji kwa ukarimu wao na asiwaongezee hata bomba moja la maji amechukua nusu ya sunna.

Sasa tuseme haki, maana kusema haki ni wajibu hata kwa serikali tusiyoipenda. Viongozi wa wilaya na manispaa wa Cabo Delgado hawakukaa bure. Pemba, mji uliokuwa na watu laki mbili na zaidi kidogo katika sensa ya 2017, ulipokea zaidi ya laki moja. Kuna miji mikubwa kuliko huo ambayo ingefunga barabara. Metuge, ng'ambo ya ghuba, ilikata ardhi yake na kuweka makazi mapya, na Ancuabe, Chiúre, Montepuez na Mueda zikafanya hivyo hivyo. Familia zilipewa kiwanja, miti, turubai, jembe na mbegu. Mwaka 2021 serikali kuu ilipitisha sera maalumu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi. Msumbiji pia imeuridhia Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2009, ambao unaifanya kazi ya kuwalinda watu hao kuwa ya serikali kwanza, si ya mashirika. Ni mkataba mzuri, na ningependa wanasheria wenu wausome kama wanavyosoma Mkataba wa Geneva.

Lakini kiwanja si makazi. Mvuvi wa Quissanga, ambaye baba yake na babu yake walilijua jua na maji kupanda na kupwa kuliko wanavyojua majina ya mawaziri, amepelekwa bara na kupewa jembe. Ardhi ile ina wenyewe, waliolima hapo kabla yake, na mvua ya kwanza ikinyesha ugomvi wa mipaka unaanza. Wazee wa kwetu wana sababu ya kuogopa viwanja vilivyopangwa kwa mistari. Wakati wa vita vya ukombozi Wareno waliwakusanya kwenye vijiji vya kulindwa ili wawatenge na FRELIMO. Baada ya uhuru wa 1975 FRELIMO nayo ikawakusanya kwenye vijiji vya ujamaa wake. Kila mara waliambiwa ni kwa faida yao, na kila mara shamba la minazi lilibaki nyuma. (Neno letu la mashamba Wareno walilichukua wakalifanya "machamba". Neno walilichukua zima zima.)

Kupanga si kosa. Wanahistoria, akiwamo Tabari, wanasimulia habari za Kufa, mwaka wa 17 Hijria. Watu walijenga kwa matete, moto ukazuka, nyumba zikateketea. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) akatuma watu Madina kumwomba Umar (R.A.) ruhusa ya kujenga kwa matofali. Umar akawakubalia, kwa sharti kwamba mtu asizidishe vyumba vitatu, na wasishindane kwa urefu wa majengo. Barabara kubwa zikapimwa dhiraa arobaini, nyingine thelathini, nyingine ishirini, na vichochoro saba. Nipendacho katika kisa hiki ni mtiririko wake: moto ulitokea, wenyewe wakaomba, wakasikilizwa, na kipimo kikawekwa ili anayepata mapema asimmalizie ardhi anayekuja. Mhandisi wa leo angekiita mpango wa ujenzi mpya. Nyumba za makuti za Mocímboa zimechomwa mara ngapi, na mwenyewe ameulizwa mara ngapi anataka irudishwe namna gani?

Na katika ukame mkubwa wa mwaka wa 18, mwaka wa Ramada, mabedui walijaa kando ya Madina kwa njaa. Umar aliwalisha kwa miezi, yeye mwenyewe akikataa samli mpaka rangi yake ikabadilika. Mvua iliponyesha aliweka watu wa kuwasindikiza kurudi majangwani kwao, wakiwa na chakula na vipando. Angalieni, alingoja mvua kwanza. Hakuwaambia warudi kwa sababu amechoka kuwalisha.

Hapa ndipo tulipo sasa. Tangu 2021 watu wamekuwa wakirudi Palma, Mocímboa, Macomia. Waliorudi makwao katika mkoa mzima walikuwa wameshapita laki sita kufikia 2024. Shukrani ni za Allah. Wakati huo huo wengine wanakimbia upya. Mji wa Macomia ulishambuliwa tena Mei 2024, na Chiúre, ambayo ilikuwa mahali pa kukimbilia, Julai 2025 ilishuhudia zaidi ya watu 46,000 wakihama katika siku chache. Kwa hiyo kiongozi anayemwambia mtu rudi kwenu ajiulize kwanza kama mvua imenyesha, yaani kama njia ni salama, kama zahanati ina daktari, kama kisima hakikutiwa mzoga. Na asilitumie jina la nyumba yake kama fimbo ya kumtolea kambini.

Tuseme amerudi. Amekuta nini? Pengine amekuta majivu, basi atajenga. Pengine amekuta nyumba imesimama na ina watu ndani, nao ni wakimbizi wa kijiji kingine, hawakuiba, waliingia kwa kukosa pa kwenda. Hati haipo, iliungua, au haikuwahi kuwapo. Hapa sheria ya nchi na sheria ya Allah zinakutana, nami nataka mlijue hili kwa sababu wengi wa kwetu hawalijui. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inasema ardhi ni ya taifa na haiuzwi. Lakini aliyeikalia kwa desturi za jamii yake, au aliyeikalia kwa nia njema kwa miaka kumi, ana haki ya kuitumia, na kutokuwa na hati hakumwondolei haki hiyo. Haki inathibitishwa vipi? Pamoja na njia nyingine, kwa ushahidi wa mdomo wa wanajamii, wanaume na wanawake.

Mmeona uzito wake? Nyumba ya mtu imebaki ndani ya kifua cha jirani yake. Jirani huyo akisema kweli, mtu amerudishiwa nyumba. Akinyamaza kwa sababu anayekaa pale sasa ni shemeji yake, ameivunja upya. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kusimamia uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi na jamaa. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atafungwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Shubiri moja! Sisi kwetu vimepotea viwanja vizima.

Zaidi ya wote nawahofia wajane. Mume ameuawa au hajulikani alipo, mke amerudi na watoto, na ndugu wa mume wamemtangulia kufika. Wanamwambia nyumba ni ya ukoo. Fungu lake, robo au thumuni, ameligawa Allah mwenyewe, na mafungu ya watoto wake pia. Hakuna baraza la ukoo lenye ruhusa ya kulirekebisha. Mume aliyepotea bila habari ana hukumu zake katika fiqhi, na mali yake hairithiwi kwa sababu kaka yake ameamua kuwa amekufa.

Nije kwenye orodha. Msaada wote duniani, uwe wa serikali au wa mashirika, hupita kwenye karatasi moja: orodha ya majina. Na orodha huandikwa na mtu mdogo, katibu wa mtaa au mkuu wa kijiji, mara nyingi asiye na mshahara wa kutosha. Malalamiko ya watu wetu yamekuwa mengi hapo: jina limeruka, jina la jamaa limeingia, mwanamke ameombwa jambo la haramu ili aandikwe. Mjomba wangu aliondolewa jina mara mbili na katibu mmoja wa mtaa kwa kuwa hakuwa na kitu cha kumpa. Mara ya tatu akaacha kwenda. Nimejiuliza sana yule katibu alikuwa nani. Si shetani. Ni kijana aliyesoma kidogo kuliko wenzake mjini na zaidi kuliko wenzake mtaani, akapewa kalamu. Yaani ni mtu kama nyinyi.

Ndiyo maana nazungumza nanyi. Nchi ya Finland tangu 2008 imefuata njia ya kumpa asiye na makazi nyumba kwanza, na mengine, kazi, matibabu, madeni, yafuate akiwa ndani. Wamefanikiwa kuwapunguza wasio na makazi miaka ambayo majirani zao wa Ulaya waliongezeka. Mtu ataniambia wana fedha. Wanazo. Lakini kuhesabu kwa uaminifu hakuhitaji utajiri. Kesho mmoja wenu atakuwa afisa ardhi Palma au Mtwara, mwingine mpima viwanja, mwingine hakimu, mwingine ndiye atakayepewa kishikwambi na kuambiwa apite nyumba kwa nyumba kuandikisha. Siku hiyo mtu aliyesimama mbele yako hatakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho hapiti kizuizi, hapati kiwanja, mtoto hapokelewi mtihani. Atakuwa na jina lake tu, na pengine Kireno hakijui. Kiswahili au Kimwani ndiyo lugha yake, na wewe unaijua. Ilimu yenu hii, ndugu zangu, kwa mtu huyo ni kama ule ukuta.

Wapo waliowahi kuniambia, ustadh, haya ni mambo ya serikali na mashirika, sisi tumsaidie Muislamu kwa sadaka na yatosha. Wengine wanasema tusishirikiane kabisa na serikali ya kisekula. Yusuf (A.S.) alimhudumia mfalme wa Misri asiyekuwa wa dini yake, na akaomba mwenyewe kukabidhiwa hazina ya nchi kwa sababu alijua njaa inakuja na kwamba yeye ni mwaminifu. Na waliokimbia Cabo Delgado si Waislamu peke yao. Mmakonde Mkatoliki alilala kwenye nyumba ya mama mdogo pamoja na wanawe, na kapulana ile ilimsitiri yeye kama ilivyomsitiri mwingine.

Kuhusu zaka, kwa kuwa nimeulizwa na zaidi ya mmoja: mtu aliyekatikiwa na makazi yake anaingia katika mafungu manane ya Surat At-Tawba, aya ya 60, kama fakiri au maskini. Aliye njiani bila ya kumfikisha anaweza kuingia kama mwana wa njia. Wanazuoni wengi hushurutisha amilikishwe yeye mwenyewe. Kwa hiyo mabati, miti na misumari anunuliwe na akabidhiwe vikawa vyake, au apewe fedha ajenge. Tusijenge nyumba kwa zaka tukaiandika jina la jumuiya na kumweka ndani kama mpangaji. Sadaka ya kawaida na wakfu vina nafasi zaidi, na kisima, darasa au ukumbi wa kufikia wageni viingie huko.

Wapo pia wenzetu hapa hapa chuoni ambao nyumba zao zilichomwa na hawajamwambia mtu. Likizo ikifika wanabaki hosteli wakisema wana kazi ya utafiti. Msiwaulize mbele za watu. Mwalikeni mtu kwenu kama mnavyomwalika rafiki, na nauli ilipwe na yule aliyealika.

Kamati ya daawa na ustawi imekubali kufungua daftari mbili kuanzia Ijumaa hii baada ya swala. La kwanza ni la michango ya ujenzi. Kila fungu litaandikwa ni zaka au sadaka, na hesabu itabandikwa mlangoni mwa msikiti kila mwisho wa mwezi bila majina ya watoaji. La pili ni la wanaojua Kireno pamoja na Kiswahili, Kimwani, Kimakonde au Kimakua, na wako tayari wakati wa likizo kuwasaidia watu kujaza fomu za vyeti na kuandika ushahidi wa ardhi. Wanafunzi wa sheria na wa upimaji wajiandikishe hata kama Kireno hawakijui, wataunganishwa na anayejua. Kwa upande wa dada zetu daftari zote mbili ziko kwa amira.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.